Kutu au Uzee wa Jani?

Katika kufasiri vipeperushi vya kilimo, neno "kutu" hubandikwa upesi kila jani la mbuni (mti wa kahawa, si ndege) linapogeuka manjano. Hilo si suala la msamiati tu. Mkulima wa miteremko ya Mlima Elgon akiusadiki ufasiri huo, atanunua dawa ya shaba kwa ajili ya jani lililozeeka.

Jani zee hugeuka manjano lote. Kwa kawaida ni yale ya ndani na ya chini ya mti, nayo hayana unga. Kutu huanza kwa madoa madogo yaliyopauka. Tuligeuze jani: upande wa chini wa madoa hayo tutaona unga wa rangi ya chungwa. Tukiupangusa, hubaki kidoleni, kama vile chuma chenye kutu kinavyochafua mkono. Aliyelichagua jina hili alitazama vizuri. Baadaye doa hukauka katikati na kuwa la kahawia, na majani huanguka mapema yakiacha matawi matupu.

Chanzo ni aina ya kuvu, Hemileia vastatrix, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1869 kutokana na majani ya Sri Lanka. Chembe zake haziwezi kuota bila maji juu ya jani, hivyo ugonjwa huenea wakati wa mvua. Arabika huathirika zaidi kuliko robusta.

Kwa jani lililozeeka, basi, tunapendekeza "kupukutika". "Kunyauka" tuliachie jani lililokosa maji.