Kabla ya Kumnunulia Mzazi Gari

Nilipokuwa kijana, gari zuri kwangu lilikuwa la chini, springi ngumu, linalokata kona bila kuyumba. Sasa nimepita miaka 40, na nikipanda gari kama hilo nahesabu kila tuta kutoka Mombasa hadi Kilifi.

Sababu ni mwili. Kuketi kwenye siti ya chini ni kama kuchuchumaa, na kutoka ni kujiinua kwa nguvu za mapaja na magoti. Nguvu hizo hupungua na umri. Gari la juu sana nalo lataka mtu apande kama ngazi. Siti inayomfaa mzee iko usawa wa makalio yake akiwa amesimama: anageuka, anaketi, kisha anaingiza miguu. Sienta, kwa mfano, humpa pia mlango mpana wa kuteleza.

Macho nayo hubadilika. Kwenye kiza, jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban thuluthi moja tu ya mwanga unaomfikia kijana wa miaka 20, na taa za gari linalokuja humsumbua zaidi. Shingo ikikaza, kamera ya nyuma humfaa kuliko redio kubwa.

Kwa hivyo, ndugu yangu, usimchagulie mzazi gari kwa macho yako. Mpeleke yadi, aingie na kutoka mara tatu. Mzee anayeumia kupanda gari huenda asiseme. Ataanza tu kukosa kliniki, kisha mazishi, mwishowe hata swala ya Ijumaa.