Mnunuzi wa kipakatalishi cha picha asihadaiwe na kibandiko

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangalizuru maduka ya katikati ya Eldoret siku hizi, yamkini wangaliongeza neno kuhusu kibandiko. Kando ya barabara ya Oginga Odinga na katika vichochoro vya jirani, vipakatalishi vilivyostaafu katika afisi za Uingereza vimepangwa kama mikate dukani, kila kimoja na kibandiko chake kidogo karibu na kibodi. Kibandiko hicho ndicho kinachozungumza na mnunuzi. Kikiandikwa i5, bei ni hii. Kikiandikwa i7, bei inapanda, na kijana aliyekuja na fedha za mkopo huvutwa polepole hadi kwenye i7 kana kwamba herufi ile na tarakimu ile ndizo zitakazomfanyia kazi.

Miongoni mwa vijana hao alikuwemo mpwa wangu. Yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na hupata nauli na chakula kwa kupiga picha za harusi, za timu za riadha, na hasa za mahafali. Aliweka kando sehemu ya mkopo wa HELB, akajumlisha na akiba yake ndogo, akalipa shilingi 27,000 kwa kipakatalishi chenye kibandiko cha i7. Muuzaji alimhakikishia kuwa mashine hiyo "inabeba kazi yoyote". Akaja nyumbani anacheka.

Msimu wa mahafali ukafika. Alipiga picha za familia nne, akakesha akizihariri, kisha akazipeleka studio kuchapishwa. Picha zilipotoka, kanzu nyeusi za wahitimu na nyuso zao zilikuwa zimeungana kuwa kivuli kimoja. Mama mmoja alizirudisha bahasha nzima. "Mwanangu nimemsomesha miaka minne kwa kuuza maziwa," alisema. "Nataka kumwona uso."

Mpwa wangu alirudia uchapishaji kwa gharama yake mwenyewe. Jioni ile aliniuliza swali ambalo ndilo sababu ya makala haya: "Mjomba, mbona kwenye mashine yangu walionekana vizuri?"

Walionekana vizuri kwa sababu kioo cha mashine kilimdanganya. Na hapa ndipo ninapokhitilafiana na ushauri unaotolewa kila siku kwa wanafunzi wetu. Anayetaka kuhariri picha huambiwa aanze na prosesa, yaani ubongo wa mashine. Mimi nasema aanze na kioo. Prosesa hafifu itamchelewesha. Atanywa chai huku akingoja. Kioo kibovu kitampotosha, naye hatajua kwamba amepotoka hadi mteja atakapoirudisha bahasha.

Vipakatalishi vya bei nafuu vina vioo vya aina mbili kuu. Kuna vile vya zamani viitwavyo TN, na kuna vile viitwavyo IPS. Kioo cha TN hubadilika kulingana na mahali jicho lilipo. Ukikiinamisha kidogo, sehemu zenye giza hupauka. Ukikiinua, huwa nyeusi ti. Anayehariri juu ya kitanda cha bweni, mashine mapajani, huona picha tofauti kila anapojiegemeza. Isitoshe, vioo vingi vya aina hii huonyesha viwango 64 tu vya kila rangi ya msingi, ilhali picha ya kawaida ya kamera ina viwango 256. Viwango vinavyokosekana hubuniwa kwa ujanja wa kuchanganya nukta. Kwa barua na majedwali, hasara hiyo haionekani. Kwa uso wa mtu mweusi aliyesimama kivulini akiwa amevaa kanzu nyeusi, hasara ni kubwa mno, maana uso huo wote umo katika ngazi za chini, kule ambako kioo duni hakina ngazi za kutosha. Mpwa wangu aliiona ngozi imepauka, akaipunguzia mwanga. Karatasi, ambayo haina hila, ikamwonyesha alichokifanya.

Ngozi zetu zimepata kudhulumiwa na vyombo vya picha kabla ya leo. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwa wachapishaji wa picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe; kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Msomi wa Kanada, Lorna Roth, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alieleza kwamba miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi za hudhurungi za bidhaa zao hazikutofautishwa vyema na filamu. Kwamba kabati na peremende zilisikilizwa upesi kuliko nyuso za watu ni jambo ninalomwachia msomaji alipime. Kamera za leo zimepiga hatua kubwa. Ni ajabu basi kwamba sisi wenyewe, katika jiji lenye vyuo vikuu na shule tele, tunairudisha dhuluma ile kwa kununua vioo visivyoweza kutuonyesha tulivyo.

Je, mnunuzi afanyeje dukani? Aende na kijiti cha kuhifadhia data chenye picha zake mwenyewe: uso mweusi kivulini, kanzu ya mahafali, shamba la mahindi mabichi, barabara ya murramu baada ya mvua. Mashine iwashwe, picha zifunguliwe, kisha aitazame ya uso akiwa amekaa, akiwa amesimama, na akiwa kando. Uso ukibadilika rangi kila anaposogea, hicho ni TN. Asikubali hata akipunguziwa elfu tano. Akitazame pia karibu na mlango, kwenye mwanga wa mchana, maana jua la nyanda hizi za juu ni kali na kioo hafifu hufifia mbele yake. Atafute kioo cha pikseli 1920 kwa 1080. Vile vya 1366 kwa 768 vina nafasi finyu ya kazi, na aghalabu ni TN.

Hata hivyo nisimhadae msomaji. Si kila IPS ni kioo bora. Vingi katika bei hii, hata kile cha pikseli 1920 kinachopatikana katika ThinkPad T480, huonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi za kiwango cha sRGB kinachotumiwa na kamera na wachapishaji wengi. Mekundu makali na mabichi makali hayatajitokeza sawasawa. Lakini kioo hicho ni cha kweli katika mwanga na kivuli, na kwa picha za watu hilo ndilo la kwanza.

Baada ya kioo, kumbukumbu. Hebu tufanye hesabu, na walimu wa hisabati wanaweza kuitumia darasani. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24. Kila pikseli ina rangi tatu, na ikiwa kila rangi yatumia baiti mbili kama inavyofaa katika uhariri wa makini, tabaka moja la picha huhitaji baiti milioni 144. Tabaka kumi zitachukua karibu gigabaiti moja na nusu, kabla ya kuhesabu hatua ambazo programu huzikumbuka ili uweze kuzitengua, na kabla ya Windows yenyewe kudai sehemu yake. Mashine ya gigabaiti 4 haifai kabisa. Gigabaiti 8 zinatosha kuanzia. 16 ndizo za kustarehesha. Heri basi mashine inayoweza kuongezwa kumbukumbu baadaye, fedha zikipatikana. ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490 zina nafasi mbili za kuchomekea kumbukumbu. Diski nayo iwe SSD. Juu ya hilo sina la kuongeza.

Sasa turudi kwenye kibandiko. Neno i7 halisemi mashine ina umri gani. Umri umo katika namba inayofuata: i7-4600U ni ya kizazi cha nne, na i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Ile i7 ina viini viwili. Ile i5 ina vinne. Naam, yenye jina dogo ndiyo yenye nguvu zaidi, na mara nyingi mnunuzi hulipa zaidi apate kidogo. Kizazi kina maana nyingine pia. Muda wa kawaida wa Microsoft kuihudumia Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti ya kampuni hiyo, hutaka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache. Kwa hiyo EliteBook 840 G3, ya kizazi cha sita, haimo katika orodha hiyo. Muuzaji anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie; swali ni nani atakayeirekebisha itakapogoma katikati ya muhula. Mwenye mashine ya namna hiyo tayari asiitupe. Aweke Linux, na humo atapata GIMP na darktable bila malipo. Hiyo GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Mwanafunzi asione haya kuitumia; ni afadhali kuliko nakala za wizi za Photoshop, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Kuna pia ugonjwa wa tufaha. Vijana wengi huamini kwamba MacBook yoyote ni mashine ya picha. MacBook Air zote zilizotengenezwa hadi mwaka 2017 zina kioo cha TN, kilekile tunachokikimbia, na kumbukumbu yake imeunganishwa moja kwa moja na bodi, haiongezwi. Anayeinunua kwa ajili ya picha amelipia nembo.

Kwa mwanafunzi mwenye shilingi 25,000 hadi 35,000, ushauri wangu ni mashine ya afisi ya kizazi cha nane yenye kioo cha IPS, gigabaiti 8 na nafasi ya kuongeza. Kabla ya kulipa, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, asome mwenyewe kumbukumbu ilivyo. Aendeshe amri ya powercfg /batteryreport, alinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na ulivyo sasa. Aizime na kuiwasha upya, ahakikishe haidai nywila ya kampuni fulani ya mbali, kwa kuwa baadhi ya mashine hizi hutoka kwa wenyewe zikiwa bado zimefungwa. Zikibaki fedha baadaye, anunue kioo cha mezani kilichotumika. Dell U2412M, kwa mfano, ni IPS ya mwaka 2011 ambayo ilitapakaa maafisini, na bado inaonyesha rangi vyema kuliko vipakatalishi vingi vya bei hii.

Lipo jambo la sheria ambalo wanunuzi wetu hulisahau. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, yasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji wa bidhaa hizo kazi anayoikusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo sharti ifae kazi hiyo kwa kiasi cha haki. Kwa hiyo usiseme tu "nataka laptopu". Sema "nataka ya kuhariri picha", na uombe maneno hayo yaandikwe katika risiti. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Atakayekataa amekwisha kukujibu.

Nayo shule? Serikali ilipoahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno kikaingia katika kazi ya kutoa vifaa kwa shule za msingi, tulijadili idadi, bei na zabuni. Sikumbuki tukijadili watoto wataona nini kwenye vioo. Hata leo nimeona maombi ya bei ya shule yakiandikwa "kompyuta kumi, i5", basi. Mwalimu anayesimamia chama cha upigaji picha ana haki ya kudai mstari mmoja zaidi katika ombi hilo, unaotaja aina ya kioo.

Mpwa wangu bado anatumia mashine ileile, kwa kuwa mkopo hauji mara mbili. Amenunua kioo cha mezani kilichotumika, anahariri hapo tu, na kila kundi la picha huchapisha moja kwanza na kuilinganisha kabla ya kuchapisha zilizosalia. Picha ya yule mhitimu ameihifadhi katika kijiti chake. Wiki iliyopita wenzake wawili walimwomba awasindikize dukani. Muuzaji alipoanza kuwasomea kibandiko, alikitoa kijiti mfukoni akamwomba kwanza awashe mashine.