Je, Wajua? Chumvi Zinazong'aa

Mwaka 1893 mkemia Horace Wells wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alieleza chumvi za risasi na metali iitwayo sesiamu, zilizoungana na klorini, bromini au iodini. Chumvi za jamii hii huitwa halaidi za metali. Zilikaa kimya miaka mingi. Mwaka 2015 timu ya Maksym Kovalenko, mjini Zürich, ikatengeneza punje zake zenye upana wa nanomita 4 hadi 15 tu. Zilipomulikwa kwa urujuanimno, mwanga ule ule wa vitaa vya kukagulia noti, ziling'aa ajabu.

Rangi ndiyo yenye utamu. Penye klorini punje huelekea zambarau na buluu, penye bromini kijani, penye iodini nyekundu. Tena si lazima uanze upya: tia iodini kwenye punje za kijani zikiwa ndani ya kimiminika, nayo itaingia, bromini itoke, na rangi igeuke kwa muda wa sekunde chache.

Ila ni chumvi dhaifu, maji huziharibu upesi. Kwa mtengeneza taa hilo ni balaa. Kwa anayewinda waghushi, ni bahati! Mwaka 2017 watafiti wa China walichapa maandishi kwa wino wenye risasi ambao hauonekani hata chini ya urujuanimno. Walipoyapaka chumvi ya bromini, punje za aina hii zikaundwa, yakawaka kijani. Kimiminika kama methanoli kikayazima. Chumvi ikapakwa tena, yakarudi. Wino wa kung'aa wa kawaida haufanyi hivyo.

Risasi ni sumu, kwa hiyo wengine wamehamia kwenye manganizi. Atomi yake ikizungukwa na klorini au bromini nne, kwa kawaida hung'aa kijani. Zikiwa sita, huwa nyekundu.

Na taa za nyumbani? LED nyeupe ya kawaida ni kitaa cha buluu kilichofunikwa unga wa manjano. Mwaka 2018 watafiti wa Wuhan walitangaza chumvi moja isiyo na risasi, yenye sesiamu, fedha, sodiamu, indiamu na klorini, pamoja na bismuti kidogo sana, inayotoa mwanga mweupe peke yake. Mwanga huo ulidumu bila kuyumba zaidi ya saa 1,000, yaani siku 41 na ushei. Balbu ya LED ya dukani huahidi maelfu mengi ya saa.