Zebaki jikoni na ubongo wa mtoto

Mama, siku mtoto wako anapozaliwa ubongo wake bado unajengwa. Seli za ubongo huongea kwa kemikali: seli moja hutoa, nyingine hupokea kwa vipokezi, kama kufuli na ufunguo wake. Tangu tumboni hadi miaka ya mwanzo, vipokezi vinaendelea kuwekwa, na baadhi hubadilishwa na vya aina nyingine. Mambo mengine yanashangaza. Kwa panya wachanga, kemikali ya GABA, inayotuliza seli za panya wakubwa, kwanza huziamsha. Ubongo wa mtoto una kanuni zake.

Ujenzi huo ndio unaovurugwa na zebaki, na huku kwetu zebaki inafika hadi jikoni. Baba watoto akirudi kutoka Mwakitolyo au Nyarugusu na dhahabu iliyoshikana na zebaki, pengine anaichomea ndani kwa kuogopa wezi, kwenye jiko lile lile la mkaa, nawe umembeba mtoto mgongoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, hupita kwenye damu hadi ubongoni, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba zebaki huzuia seli kuondoa glutamati, kemikali inayoamsha, baada ya ujumbe kufika. Glutamati ikirundikana, vipokezi huchochewa bila kupumzika na seli huumia.

Usisubiri kujisikia mgonjwa. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, zebaki ilipitia kwenye samaki. Wapo akina mama waliokuwa na dalili chache tu, lakini watoto wao wakazaliwa na ulemavu mkubwa.

Tunajua si rahisi kumwambia anayeleta hela ya unga akachomee kwingine. Mwambie hata hivyo. Uchomaji ubaki machimboni, mbali na watu, kwa chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Kikaango kilichochomea dhahabu kisirudi kupikia. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na si kwa mikono ya mjamzito. Kama unanyonyesha, usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Zungumza kwanza na muuguzi. Na ukienda kliniki, mweleze kwamba nyumbani kuna mtu anayechoma dhahabu, hata kama hajakuuliza.