Riwaya ya Japani imetufunza, ila tusiimeze nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta ubishi mkubwa katika ofisi yetu ya walimu tangu muhula uliopita. Jambo lenyewe ni kitabu. Si kitabu cha kiada. Ni riwaya ya Kiingereza iitwayo Shōgun, iliyoandikwa na James Clavell na kutolewa mwaka 1975. Ina kurasa zaidi ya 1,000, na inahusu Japani ya zamani, Japani ya mabwana wa ardhi na wapiganaji wao waitwao samurai.

Kitabu hicho nilikipata mjini kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limechanika na kurasa za mwisho zimeshonwa kwa uzi. Nilikinunua ili kunoa Kiingereza changu, kwani tangu nitoke chuo cha ualimu nilikuwa sijasoma kitabu kizito cha lugha hiyo. Nilipokimaliza nikampa mwenzangu wa darasa la nne, naye akampa mwingine. Hadi leo kimepita mikononi mwa walimu watano na mganga wa zahanati. Kila mmoja ana zamu yake, na anayechelewesha husemwa mbele ya wenzake.

Wapo wanaotucheka kwamba sisi watu wazima tunapoteza usiku kwa hadithi za mapanga. Wapo walio wakali zaidi, wanaosema kuwa ni kasumba tupu kusifu kitabu cha Mzungu juu ya watu wa Asia. Napenda kuwajibu wote, na papo hapo kukiri kosa langu mwenyewe.

Kwanza, wasomaji wafahamu kwamba kitabu hiki kina mizizi katika mambo ya kweli. Mwaka 1598 meli tano ziliondoka Rotterdam, Uholanzi, kutafuta njia ya kwenda Mashariki. Meli moja tu, iliyoitwa Liefde, ndiyo iliyofika Japani, mwezi Aprili mwaka 1600. Watu waliokuwa hai ndani yake ni kama 24 tu, na wengi wao hawakuweza hata kusimama. Rubani wa meli hiyo alikuwa Mwingereza, William Adams, mzaliwa wa Gillingham. Alipelekwa mbele ya bwana mkubwa aliyeitwa Tokugawa Ieyasu. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Ieyasu akashinda vita vya Sekigahara, na mwaka 1603 akapewa cheo cha shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi. Ukoo wake ukatawala Japani kwa zaidi ya miaka 260.

Adams hakurudi kwao. Aliunda meli kwa amri ya Ieyasu, akapewa ardhi na panga mbili za samurai, akaoa huko, akafa Hirado mwaka 1620. Katika wosia wake mali yake iligawanywa baina ya jamaa zake wa Uingereza na wale wa Japani. Katika riwaya, Adams ndiye Blackthorne, na Ieyasu ndiye Toranaga.

Clavell mwenyewe alieleza kuwa wazo la kitabu lilimjia kutokana na sentensi moja aliyoikuta katika kitabu cha shule cha binti yake, iliyosema kwamba Mwingereza fulani alikwenda Japani mwaka 1600 akawa samurai. Walimu wenzangu, tafakarini hapo. Sentensi moja katika kitabu cha mtoto imezaa riwaya ya kurasa elfu. Nasi tuna sentensi ngapi za namna hiyo katika vitabu vyetu vya historia, ambazo tunaziandika ubaoni, watoto wakazinakili, kisha tukazifuta?

Tena mwandishi huyo alikuwa askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Wajapani walimteka wakamfunga Changi, Singapore, ambako wafungwa walipata njaa na maradhi. Mtu wa namna hiyo angeweza kuandika kitabu cha kulipiza kisasi. Badala yake aliandika kitabu ambacho ndani yake Mzungu anaonekana mchafu, hajui kuoga wala kula kwa adabu, na analazimika kujifunza kila kitu upya kama mtoto. Kwa hiyo wanaosema kuwa ni kasumba mtupu, nawaomba wakisome kwanza.

Pili, niseme kilichotushika sisi walimu. Si mapanga. Ni habari ya kujifunza lugha. Katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Anjiro, bwana mmoja katili, Yabu, anatoa amri kwamba Blackthorne ajue Kijapani katika miezi sita. Akishindwa, kijiji kitachomwa moto na watu wake wote watauawa. Yaani mwanafunzi mmoja akianguka mtihani, kijiji kizima kinakufa! Blackthorne anaposikia amri hiyo anashika kisu, tayari kujiua kuliko kubeba roho za watu wote wale, na mkono wake unazuiwa wakati kisu kinashuka. Tangu siku hiyo Wajapani wanamtazama kwa jicho lingine.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nilikumbuka watoto wangu wa darasa la tatu ambao huwa nawagombeza kwa kutojua Kiingereza. Amri ya Yabu ni ya kikatili, lakini inaonyesha jambo ambalo kila mwalimu analijua na kulisahau: mwanafunzi hafeli peke yake. Kijiji kisichomsemesha, mwalimu asiyemsubiri, na mzazi asiyemuuliza, wote wamefeli naye. Baada ya hapo, wote kijijini wanaanza kumfundisha, watoto kwa wazee. Na msomaji naye anajikuta amejifunza maneno kadhaa ya Kijapani bila kukaririshwa, kwa sababu kila neno linakuja wakati linapohitajika. Huo ni ufundi wa kufundisha ambao chuoni tulitumia kurasa nyingi za daftari kuuandika.

Si sisi tu tuliovutwa. Mwaka 1980 hadithi hiyo ilifanywa mchezo wa televisheni huko Marekani, na mwaka huo huo wataalamu wa historia wa huko wakatoa kitabu kizima cha kueleza lipi ndani ya riwaya ni kweli na lipi la kubuni, kwa kuwa wanafunzi wengi waliojiandikisha kusoma mambo ya Japani vyuoni walikuwa wameisoma. Mwaka 2024 ilitengenezwa upya, sehemu kubwa ya maneno yakiwa ya Kijapani, ikapata tuzo 18 za Emmy.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kwa kuwa nilikuwa nimelewa na kitabu, nilianza kuwasimulia wanafunzi wa darasa la sita kila Ijumaa baada ya vipindi. Mahudhurio ya Ijumaa yakapanda. Hata watoro wakawa wanakuja. Nilisimulia vita, dhoruba, mtetemeko wa ardhi, na pia seppuku, yaani desturi ya samurai kujipasua tumbo ili kulinda heshima. Nilisimulia kwa madoido, nikafurahia jinsi walivyonyamaza.

Wiki moja baadaye mvulana mmoja alituhumiwa na wenzake kuiba chaki. Nilimwita ofisini. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba angekuwa samurai angejua la kufanya, na kwamba aibu haioshwi ila kwa kisu. Ndugu Mhariri, mwili wote ulinisisimka. Chaki hakuiba, ilionekana baadaye kabatini. Lakini maneno yale yalikuwa yangu, niliyamwaga mimi, na mtoto akayaokota. Nilikwenda kwao jioni ile, nikamweleza mama yake kila kitu, nikamwomba radhi.

Habari zilipomfikia mkuu mmoja, akataka hadithi zote za Ijumaa zipigwe marufuku. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Kosa halikuwa kusimulia. Kosa lilikuwa kusimulia nusu. Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikawaeleza nusu iliyobaki. Niliwaambia kuwa Adams wa kweli, aliyetupwa ugenini bila kitu, alichagua kuishi. Niliwaambia kuwa seppuku ilikuwa desturi ya tabaka la wapiganaji, na mara nyingi ilikuwa adhabu, amri ya bwana kwa mtumishi wake ambaye hakuwa na uwezo wa kukataa. Na niliwauliza: katika nchi ile, nani alikuwa analima?

Hapo ndipo upungufu wa riwaya hii unapoonekana. Utajiri wa mabwana wote wale ulipimwa kwa koku, kipimo cha mpunga, ambacho kilikisiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Mpunga huo ulitoka kwa wakulima. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi, ambaye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya watu wa chini, aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha zote, ili mkulima abaki na jembe na samurai abaki na panga. Katika riwaya mkulima anapita kama kivuli, ameinama. Sisi tunaoishi vijijini hatuna budi kumtafuta katika kila ukurasa, hata pale mwandishi alipomsahau. Pia yale mapenzi ya Blackthorne na Bibi Mariko ni ya kubuni. Mama aliyechukuliwa kuwa kielelezo chake, Hosokawa Gracia, alikufa Osaka mwaka 1600, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi hata kuonana na Adams.

Kwa wale wanaotaka Japani ielezwe na Wajapani wenyewe, nawashauri watafute Musashi, riwaya ya Eiji Yoshikawa. Hiyo ilitoka kidogo kidogo katika gazeti la Asahi kuanzia 1935 hadi 1939, watu wakingojea gazeti kila siku. Inaanzia pale pale Sekigahara, kijana amelala kati ya maiti. Kijana huyo ni mkorofi asiyeshikika, hadi mtawa mmoja anamfungia katika chumba cha ngome kwa miaka mitatu. Katika chumba hicho hakuna minyororo. Kuna vitabu. Anatoka humo mtu mwingine. Kwa maoni yangu, watoto wetu wangefaidika zaidi na chumba hicho kuliko na visu vyote vya Shōgun.

Na asiseme mtu kwamba mambo haya hayatuhusu kabisa. Wareno wanaoonekana katika riwaya wakifanya biashara na kueneza dini ndio wale wale walioishambulia Kilwa mwaka 1505 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593. Japani iliwafukuza mwaka 1639. Pwani yetu ilisubiri hadi 1698 ndipo Waomani walipoitwaa ngome ile. Tena miaka karibu 20 kabla ya Adams kufika, Mwafrika aliyeitwa Yasuke alikuwa tayari anamtumikia bwana mkubwa wa Japani, Oda Nobunaga.

Mwisho, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa watafsiri na wachapaji. Mwalimu Nyerere, pamoja na kazi zote za uongozi, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Je, hakuna wa kutupa Musashi kwa Kiswahili, ili mkulima naye asome habari za mkulima mwenzake?

La pili ni kwa walimu wenzangu. Tunacho kitabu chetu kinene. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuzitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, zikatoka mwaka 1980, miaka 35 baadaye, naye akafariki mwaka 1981. Humo mna mila, kilimo, ugonjwa, ndoa na utani wa watu wetu kwa urefu ule ule unaotustaajabisha tunapousoma wa Wajapani. Nimeazima nakala moja. Ijumaa ijayo nitaanza kuwasomea darasa la sita, na safari hii yule mvulana wa chaki ndiye atakayefungua ukurasa wa kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.