Je, Spear Alikufa Kweli?

Mwezi uliopita nilifungua sanduku la bati la marehemu mjomba wangu. Mjomba alikuwa mkata mkonge katika shamba moja karibu na Korogwe. Ndani ya sanduku mlikuwa na shati, kadi zake za kazi, na gazeti moja jembamba la picha. Panya walikuwa wametafuna pembe zake. Nilipoliona jalada nilikaa chini. Alikuwa Spear!

Kama umri wako umepita miaka 60, huenda unamkumbuka. Kama wewe ni kijana, ngoja nikueleze.

Spear alikuwa shujaa wa gazeti lililoitwa African Film. Jina lake kamili ni Lance Spearman. Gazeti hilo lilisomwa katika nchi nyingi za Afrika mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Picha zake hazikuchorwa kwa mkono. Zilipigwa kwa kamera. Watu waliigiza, wakapigwa picha moja baada ya moja. Kisha picha zikapangwa kwa mfuatano, na maneno ya kila mtu yakaandikwa karibu na kinywa chake. Ukizifuata kwa macho ni kama unatazama sinema.

Huko Marekani walikuwa na Superman tangu mwaka 1938. Yeye huruka hewani, na risasi haimdhuru. Spear hakuruka hewani. Hakuwa na dawa wala hirizi. Alikuwa na ngumi, akili, kofia safi na gari la mbio. Tena alikuwa mtu mweusi kama mimi na wewe. Kwetu sisi watoto hilo lilitosha. Kofia ya baba ilipotea mara ngapi, nisiulizwe!

Sasa sikiliza mambo yaliyotukuta hapa Kwedizinga. Mjomba alipokuja likizo alituletea gazeti hilo. Lakini maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Nani angetusomea? Tulikuwa na kaka yetu mmoja aliyefika darasa la 8. Alikaa chini ya mwembe, sisi tukamzunguka. Alisoma, akatafsiri, nasi tukamlipa karanga, kibaba kimoja kwa kila kikao. Alituambia kwamba Spear anatoka Tanga. Alituambia kwamba Sonia ni dada yake, na kwamba yule mtu mbaya ni mnyapara aliyeiba mishahara ya wakata mkonge. Tulimchukia mnyapara huyo sana.

Siku moja kaka alifika katikati ya gazeti, akalifunga. Akasema, "Spear amekufa. Hadithi imekwisha."

Watoto wadogo walilia. Mimi pia nililia, ingawa nilikuwa mkubwa kidogo.

Mama alikuwa karibu anapepeta mahindi. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa kisomo. Unakumbuka kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka ile, katika kila watu wazima 3, karibu 2 hawakujua kusoma. Mama alikuwa mmoja wao, na alikuwa amesoma miezi michache tu. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono, akasema, "Hebu nipe, mwanangu."

Kaka alicheka. "Mama, hiki ni Kiingereza."

Mama hakujibu. Alifungua ukurasa wa mbele, akaweka kidole kwenye jina. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akafunua kurasa zile ambazo hatujasomewa, polepole, kidole kikitembea. Akasimama. "S," alisema. "P. E. A. R. Ni jina lile lile. Na hapa tena. Na hapa." Akamtazama kaka. "Maiti gani huyu anayeitwa kila ukurasa?"

Kaka alikuwa ameficha nusu ya hadithi ili alipwe karanga mara ya pili.

Juzi nimelisoma gazeti hilo mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna Tanga. Hakuna mnyapara. Sonia si dada yake Spear, ni msaidizi wake wa kazi. Nadhani hata kaka hakujua Kiingereza sana. Lakini nakiri kwamba hadithi yake ilikuwa na chumvi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona utotoni. Gazeti lilitolewa na kampuni ya Drum, iliyoanzia Afrika Kusini, na picha nyingi zilipigwa Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 inaitwa Eswatini. Katika picha hizo, mkubwa wa polisi, Kapteni Victor, ni Mwafrika. Waafrika wanaingia hoteli kubwa bila kufukuzwa. Lakini Afrika Kusini yenyewe makaburu walitawala mpaka mwaka 1994, na mtu mweusi hakuruhusiwa hata kukaa kwenye benchi la wazungu. Gazeti halisemi neno juu ya hayo. Spear anawapiga wezi na wenye wazimu, makaburu hawagusi. Nilipogundua hivyo niliudhika kidogo. Bado nampenda, lakini si kama zamani.

Baadaye mwandishi wetu Faraji Katalambulla, yule aliyeandika Simu ya Kifo, alitoa gazeti la picha kwa Kiswahili, likaitwa Film Tanzania. Mjomba alileta moja. Safari hii mama hakumngoja mtu. Alikaa chini ya mwembe, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na sisi tukamzunguka.

Kaka naye alikuja kusikiliza. Mama alisimama katikati ya sentensi, akanyosha mkono.

"Karanga zangu ziko wapi?"