Ndoo Isiyojaa: Kupoza Prosesa Kwenye Hewa ya Olkaria

Anayeingia Olkaria, eneo la umeme wa mvuke wa ardhini karibu na Naivasha, kutoka upande wa mbuga ya Hell's Gate huuona mvuke kabla hajaiona mitambo. Mabomba yaliyovikwa bati linalong'aa yanakata bonde, kila baada ya umbali yamepindishwa kama goti ili chuma kikipata moto kipate pa kutanukia, na juu ya majengo minara ya kupozea inatoa wingu jeupe mchana kutwa. Wageni wengi hudhani wingu lile ndilo umeme ukitengenezwa. Kumbe ni mabaki. Katika vituo vya mvuke wa ardhini duniani, kwa wastani ni kama sehemu moja kati ya nane tu ya joto linalotoka kisimani ndiyo hugeuka umeme. Zilizobaki lazima zitafutiwe pa kwenda, la sivyo mtambo hupoteza nguvu. Kompyuta ya mezani ina shida hiyohiyo, ila yenyewe haina hata hiyo sehemu moja ya kujivunia. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Ikila wati 65, imetoa joto la wati 65, tena kutoka kwenye kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kipoza joto, yaani lile rundo la mapezi ya alumini na feni yake ambalo mafundi wengi huliita hitisinki, ndicho kinachobeba mzigo huo. Na jinsi tunavyokichagua huku Bonde la Ufa, naona, inaanza na kosa la kuamini baridi.

Kosa lenyewe linaeleweka. Asubuhi ya Naivasha inataka sweta, Nakuru haina jasho la Mombasa, basi mtu anajiambia kwamba kompyuta yake imekaa pazuri na kipoza joto chochote kitaitosha. Lakini Olkaria iko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru mjini ni kama mita 1,850. Kwa urefu huo hewa ina karibu nne kwa tano tu ya uzito wa hewa ya pwani. Mpishi wa githeri analijua jambo hili kwa njia yake: maji ya Olkaria huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, si 100, ndiyo maana mahindi na maharagwe hukawia kuiva. Feni nayo hupima hewa kwa ujazo, si kwa uzito. Kila mzunguko inasukuma ndoo ileile, ila ndoo ya Olkaria haijajaa. Kinachobeba joto ni uzito wa hewa iliyopita kwenye mapezi, kwa hiyo kipoza joto kilekile, feni ikizunguka kwa kasi ileile, huiacha prosesa na moto zaidi.

Tupige hesabu ya kukadiria. Tuseme Mombasa chumba kina nyuzi 32, na prosesa yenye kazi ya wastani inapanda nyuzi 40 juu ya chumba: inafika 72. Olkaria chumba kina nyuzi 25, lakini wepesi wa hewa unaongeza mpando ule kwa, tuseme, asilimia 15: unakuwa 46, jumla 71. Ile baridi yote tuliyojisifia imetununulia nyuzi moja. Sasa tuongeze kazi, mtu anahariri video au anacheza gemu nzito, mpando wa pwani uwe nyuzi 60. Mombasa inasoma 92, Olkaria inasoma 94. Nyanda za juu zimeshindwa na pwani. Tarakimu hizi zitabadilika kwa kila kasha na kila chumba, lakini mwelekeo haubadiliki: kadiri mzigo unavyokua, ndivyo wepesi wa hewa unavyoula ubaridi wa mahali. Wenye seva hawalichukulii hili kama porojo. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na hewa, katika mwongozo wake wa vyumba vya seva za daraja la kawaida, kinataka kikomo cha joto la chumba kishushwe nyuzi moja kwa kila mita 300 zinazozidi mita 900. Kwa Olkaria hizo ni kama nyuzi tatu na nusu zilizokatwa kabla hujawasha chochote.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei wala taa za rangi. Ni wati ngapi. Na hapa wengi hunaswa na tarakimu iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Intel Core i5-12400 hutajwa kuwa ya wati 65, na kwa kazi ndogo ni kweli. Ikikazana, kiwango chake cha juu kilichotangazwa ni wati 117. Ryzen 5 5600 ya AMD nayo imeandikwa 65 lakini inaruhusiwa kuzidi hapo. Kipoza joto kinunuliwe kwa tarakimu ya juu, kisha iongezwe ziada ya kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya ndoo isiyojaa. Kwa prosesa za aina hii, kipoza joto cha kawaida cha umbo la mnara, chenye mabomba manne ya joto na feni ya milimita 120, kinatosha na kubakiza.

Hayo mabomba ya joto yanastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani ya kila moja kuna Olkaria ndogo. Ni kibomba cha shaba kilichofungwa pande zote, ndani kimetolewa hewa na kutiwa maji kidogo sana. Upande unaogusa prosesa maji yanachemka kwa joto dogo kwa sababu shinikizo ni dogo. Mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unageuka maji, na maji yanarudi chini kwa kunyonywa na kuta zenye vinyweleo, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Chini ya Olkaria maji huchemshwa na miamba, mvuke hufanya kazi yake juu, na sehemu kubwa ya maji hurudishwa ardhini kupitia visima maalumu. Tofauti ni kwamba kibomba hakina kisima cha kuchimba upya: maji yaleyale huzunguka kwa miaka. Wazo hilo lilianza kushika kasi mwaka 1963 kwa kazi ya George Grover huko Los Alamos, Marekani. La muhimu kwetu ni kwamba kibomba kimefungwa, hakijui kama kiko Lamu au Olkaria. Urefu wa mahali unaanza kudai haki yake pale tu joto linapofika kwenye mapezi na kukutana na hewa ya nje.

Jambo hilo ndilo jibu la wanaosema kwamba dawa ni kupoza kwa maji. Hoja yao ina uzito: maji hubeba joto jingi kwa nafasi ndogo, na vituo vikubwa vya data vinazidi kuyatumia. Mei 2024, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilipotangaza mpango wa dola bilioni 1 wenye kituo cha data cha Olkaria kitakachotumia umeme wa mvuke, suala la kupoza lilikuwa ndani yake hata pale ambapo halikutajwa. Ila kifaa cha maji kinachouzwa kwa kompyuta ya nyumbani hakimwagi joto ziwani. Maji yanalitoa kwenye prosesa, pampu inayapeleka kwenye rejeta, na pale kwenye rejeta feni zinasukuma hewa ileile nyepesi. Tumehamisha ndoo tu. Olkaria yenyewe ina shule zote mbili: vituo vya kampuni ya umeme ya KenGen, kuanzia Olkaria I iliyoanza kuzalisha 1981, hupoza kwa minara ya maji, na Olkaria III inayoendeshwa na kampuni ya Ormat hupoza kwa hewa tupu, kwa safu ndefu za feni zilizolala juu ya mapezi. Mifumo yote miwili inafanya kazi, na wa hewa hauombi maji ya kupozea. Kwa prosesa kubwa ya wati 170 na zaidi, rejeta pana ina haki yake. Kwa zilizobaki, pampu ni kitu kingine cha kuharibika, na maji ya ndani hupungua polepole kupitia mipira bila mwenye kompyuta kuweza kuyajaza.

Kuna pingamizi la upande wa pili, na hili nalikubali karibu lote: kwamba kipoza joto kilichokuja na kompyuta kinatosha. Kwa anayeandika barua na kujaza fomu za serikali mtandaoni, kinatosha. Kompyuta nyingi zinazouzwa Nakuru ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo, na shida yake mara nyingi si udogo wa kipoza joto bali pesti iliyokauka, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto, na mapezi yaliyoziba. Udongo wa huku ni majivu ya volkeno, mwepesi kupeperuka. Kariandusi, karibu na Gilgil, kunachimbwa daiatomaiti, unga mweupe ambao mojawapo ya matumizi yake ni kuzuia joto lisipite. Vumbi lililoshonana katikati ya mapezi linafanya kazi hiyohiyo bila kutumwa na mtu. Kabla ya kununua chochote, basi, fungua kasha, shikilia feni kwa kidole isizunguke, pulizia vumbi litoke, badilisha pesti, kisha pima upya. Na kasha lisikae sakafuni.

Karibu na visima kuna jambo moja zaidi. Harufu ya mayai viza inayosikika Olkaria ni gesi ya salfidi hidrojeni, na gesi hiyo huila shaba hata ikiwa kidogo, ikaiacha na utando mweusi. Alumini haijali. Kwa hiyo anayekaa au kufanya kazi huko achague mnara ambao shaba yake imepakwa nikeli, inayong'aa kama fedha, si ule wa shaba tupu. Bei haitofautiani sana. Hilo, nakiri, halitauokoa ubao mama, ambao nao una shaba yake.

Kazi ya kufunga ndiyo inayoamua mengine yote, na haihitaji zaidi ya bisibisi na subira. Kabla ya kulipa, pima nafasi: minara mingi ina urefu wa kama milimita 155 hadi 160, na kasha jembamba litakataa kufungika. Hakikisha vishikizo ni vya soketi yako, maana vya LGA1700 ya Intel si vya AM4 ya AMD. Ukitoa cha zamani kwenye AM4, washa kompyuta kwanza pesti ipate moto, izime, kisha zungusha kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka na pini zake. Futa pesti ya zamani kwa spiriti mpaka chuma king'ae. Weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati. Kazi ya pesti ni kuziba nyufa ndogo zenye hewa, kwa kuwa hewa hupitisha joto vibaya mno. Lakini hata pesti hupitisha vibaya kuliko shaba, kwa hiyo tabaka nene ni hasara. Bandua karatasi ya plastiki chini ya kipoza joto. Ni ajabu ni wangapi huisahau. Kaza skrubu kwa mshazari, mizunguko miwili huku, miwili kule, hadi zigome zenyewe. Upande wa feni wenye miguu inayoshikilia mota ndiko hewa inakotokea, nao uelekee nyuma ya kasha. Waya uende kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN. Kisha pima kwa programu ya bure kama HWiNFO, dakika 20 za kazi nzito, ukiandika pia joto la chumba, kwa sababu nyuzi 80 za saa kumi na mbili asubuhi si sawa na nyuzi 80 za saa nane mchana.

Anayenunua kompyuta Luthuli Avenue, Nairobi, ikiwa imeshaunganishwa, akumbuke kwamba mnara mkubwa unakaribia kilo moja na unaning'inia ubavuni mwa ubao mama. Barabara ya Mai Mahiu, ya kurudi Bonde la Ufa, haiuhurumii. Kasha lilazwe kwenye kiti cha matatu ubao mama ukiwa chini, mnara ukisimama wima, na mkanda uzungushwe juu yake.